Mlikwenda kwa nani?

Mama alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele. Tulishuka kwenye bajaji mmoja mmoja: mke wangu na kapu la chupa tupu za maji, mkubwa na viatu mkononi, mdogo na vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo zikapigwa, marahaba zikaitikiwa. Macho ya mama hayakutoka kwenye ungo.

"Mmetoka wapi?"

"Tongoni, mama."

Akaokota kijiwe, akakitupa upande wa kuku.

"Mlikwenda kwa nani?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba tulikwenda kuona magofu, kwamba ni ya karne ya 15, kwamba nataka watoto waione historia ya kwao kwa macho, wasiishie kuisikia darasani. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya nyanya:

"Sawa. Lakini kwa nani?"

Hiyo ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari. Naandika haya siku chache baada ya Idi, na swali bado liko kooni kama mwiba wa samaki.

## Kabla mvua haijafunga njia

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa kipindi hiki. Kaskazi imevuma tangu Desemba na sasa imechoka. Kusi haijashika zamu. Asubuhi upepo unatoka huku, jioni unatoka kule, ndiyo tangambili ya wazee, na makuti ya minazi hayajui yalalie upande gani. Nyasi zimekauka, njia za vijijini zinapitika, bahari imetulia. Ni wiki chache tu. Halafu masika inashuka na madimbwi ya mitaani kwetu yanarudi kila moja mahali pake, kama wapangaji waliokwenda likizo.

Nina rafiki anaishi Hamburg. Kila mwaka miezi hii hunitumia picha za wanawe wamevishwa mpaka wamekuwa kama magodoro yaliyofungwa kamba, wamesimama bustanini wanaota jua ambalo kwa macho yangu wala si jua. Baridi ikilegea kidogo tu, anasema, hakuna anayekaa ndani. Kwao msimu unafunguka, kwetu unataka kufungwa. Kiherehere ni kile kile.

Basi mwaka huu mimi na mama watoto tukaapizana: kila Jumapili mahali pamoja, mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Sababu mnaijua, inalala chini ya mto wa mkubwa pamoja na chaja yake. Kijana wa jirani ana bajaji. Tunamtilia mafuta, tunamwongezea kitu, anatupeleka na kutusubiri.

Mama hatukumchukua. Anaumwa miguu, na bajaji ni nyembamba.

Raskazone tulioga bahari, hakuna la kusimulia zaidi ya mdogo kunywa maji ya chumvi na kulala njia nzima. Jumapili ya Makumbusho ya Urithi, pale kwenye Boma la Wajerumani, mdogo alitusumbua kwa jambo moja tu: silikanti. Shuleni wameambiwa kwamba Tanga kuna samaki ambaye dunia nzima ilidhani ametoweka tangu enzi za madinosauri, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwamba hapa kwetu wavuvi wamewanasa wengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakaambiwa pia kwamba ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009. Kichwani mwake hifadhi ni kama Mkomazi: unalipa, unaingia, mnyama amesimama. Nikamwambia samaki mwenyewe anaishi kwenye mapango chini ya bahari, zaidi ya mita mia moja, gizani. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa tiketi ya basi lisilokuwepo.

## Pangoni

Amboni ndiko nilikofurahi, na sitaki swali la mama linifanye nijidai kuwa sikufurahi.

Ni kilomita 8 tu kutoka mjini, na nimezaliwa hapa, lakini mara ya mwisho kuingia nilikuwa darasa la tano. Mwongoza wageni alitangulia na kurunzi. Mapango huhesabiwa 10, ila wageni huingizwa moja. Mawe ya chokaa yenye umri wa kama miaka milioni 150 yamelambwa na maji mpaka yakawa vyumba, vichochoro na mapaa. Mtu mzima anainama, mahali pengine anatambaa. Mkubwa, ambaye nyumbani hapiti chumbani usiku bila taa, alikuwa wa kwanza kupita penye upenyo mwembamba. Kijana mwongoza wageni anakumulikia ukuta, anakuonyesha kochi, meli, mlima Kilimanjaro, na wewe unaviona kweli, kisha akisogeza kurunzi vinarudi kuwa mawe. Harufu ya popo inakaa kwenye shati siku mbili.

Alituambia na ile hadithi ya kwamba pango linatokea Mombasa. Mdogo akauliza kama kuna uhamiaji katikati.

Mahali fulani kijana akateremsha sauti. Palikuwa na chupa za marashi, vitambaa, sarafu. Hapa, akasema, watu huja kuomba: mwenye kesi, mwenye kutafuta mtoto, mwenye biashara iliyolala. Mke wangu akavuta mtandio, akasema tupite. Tukapita.

Wiki zile sikulitia maanani. Baada ya swali la mama ndipo pale mahali paliponirudia: katika watu wote wanaoingia pango lile, wale wenye chupa za marashi ndio peke yao wanaoweza kujibu wamekwenda kwa nani. Utakubali au hutakubali imani yao, hilo ni jingine. Mimi nilikuwa na risiti ya kiingilio mfukoni.

## Bakuli limekwenda wapi

Tongoni iko kama kilomita 17 kusini ya mji, kwa barabara ya Pangani. Unaacha barabara kubwa, unashuka na njia ya vumbi kuelekea baharini, unaona kibao. Msikiti umebaki kuta za matumbawe, mihirabu imeelekea kaskazini, juu ni mbingu tupu. Pembeni yapo makaburi zaidi ya 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu, na nguzo nyingi zimeshaanguka. Zilizoanguka zimelala kama minazi iliyokatwa.

Kwenye nguzo kuna vishimo vya mviringo. Mdogo akatia ngumi kwenye kimoja, ikaenea barabara.

"Hapa palikuwa na nini?"

Nikamwambia palipachikwa bakuli la kaure, kutoka China, pambo la kaburi la mtu mkubwa.

"Nani kalichukua?"

"Watu."

"Na huyu aliyezikwa ni nani?"

Sikujua. Nikamsomea kibao, na kibao kinajua karne, hakijui majina.

Mkubwa yuko darasa la sita, ana Vasco da Gama kichwani na mwaka 1498. Nikamwongezea ya mwaka uliofuata, maana hii niliisoma kabla ya kuja ili nionekane baba mwenye elimu. Wareno walipokuwa wanarudi kutoka India, Januari 1499, kiseyeye kilikuwa kimewamaliza mabaharia. Waliobaki hawakutosha merikebu tatu. Basi moja, São Rafael, wakaichoma moto hapo hapo kwenye mafungu mbele ya Mtangata, yaani pwani hii hii tuliyosimama. Na watu wa Mtangata walikuwa wakiwapelekea kuku, wakibadilishana kwa mashati na vikuku.

"Kwa hiyo walipewa kuku?" Mdogo alishika hilo tu. Alikuwa na njaa.

Tukakaa kwenye kivuli tukala chipsi zilizopoa tulizotoka nazo mjini. Nyuma ya mikoko maji yalikuwa yakipanda taratibu. Palikuwa pazuri. Mke wangu akapiga picha, mimi nikiwa nimeegemea ukuta wa msikiti, nimetabasamu kama mtu asiyedaiwa.

Saa tisa tukaondoka.

Hapo ndipo nimekuwa nikiishia kila ninapoisimulia safari hii. Kuna kipande nimekiruka.

## Simu

Siku mbili baada ya ungo wa mchele, mama aliniita chumbani kwake.

"Wifi yangu kanipigia."

Wifi yake ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, tumbo moja. Anakaa Tongoni. Kutoka makaburini mpaka mlangoni kwake hazifiki mita mia tatu, unapita mwembe na kisima, umefika.

"Kasema hivi," mama akaendelea, na akanukuu bila kupunguza wala kuongeza, kama wanavyonukuu watu wa umri wake. "Kasema: nimesikia wanangu wamekuja kuzuru wafu wasiowajua, mimi niliye hai wamenipita. Basi waambie wasiwe na haraka, na mimi nitakufa, watanizuru."

Kijijini bajaji ya mjini haipiti kimya. Kuna mtoto alituona, akaenda kusema pale magofuni kuna mtu amefanana na marehemu fulani.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Aliniambia tu nimfungie dirisha, mbu wanaingia.

## Bati 10

Nilijua nyumba ya shangazi iko wapi. Nimelala nyumba ile utoto wangu wote. Zile nguzo za makaburi nilizomsomea mwanangu kutoka kwenye kibao, mimi nilizijua kama goli. Tulichezea mpira pale mpaka mzee mmoja akaja na fimbo. Hakuna aliyeniambia kwamba ni za karne ya 15. Niliambiwa tu nisikanyage.

Siku ile tulipokuwa tunashuka na njia ya vumbi, paa lake lilionekana kati ya minazi. Makuti, meusi kwa uzee. Niliinama nikafunga kamba za kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa.

Miaka sita iliyopita, siku ya arobaini ya baba, tulikaa uani kwa shangazi baada ya hitma. Paa lilikuwa linavuja tangu wakati huo. Mbele ya watu nikasema, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika: "Shangazi, bati niachie mimi. Nitakuletea 10." Watu wakaitikia Inshallah. Shangazi akalia. Mimi mwenyewe nusura nilie kwa utu wangu.

Kazi yangu ni kuuza bati.

Sitanii. Nipo duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa tisa sasa. Kwa siku naandika "bati geji 30, pc 10" mara ngapi sihesabu. Mwaka wa kwanza nilisema ngoja mshahara utulie. Wa pili mdogo akaumwa. Wa tatu sikuwa na sababu, nikaona aibu kwenda mikono mitupu. Wa nne nikaona aibu kwa sababu sikwenda wa tatu. Aibu inazaa kuliko sungura. Ikafika mahali nikawa nampigia simu siku za sikukuu tu, dakika mbili, mtandao mbaya, shangazi nasikia unakatika.

Kwa hiyo mama aliponiuliza kwa nani, hakuwa anauliza asichokijua.

## Mchana wa kufunga

Mwezi ukaandama, matembezi yakasimama. Mtu mwenye swali lake haombewi mwezi wa Ramadhani: mchana mrefu, tumbo tupu, dukani wateja wachache. Nikabaki na mawazo, na mawazo yenyewe hayakuelekea upande mmoja.

Utoto wangu sikupelekwa mahali hata siku moja. Nilipelekwa kwa watu. Muheza kwa mjomba, Pangani kwa mama mdogo, ng'ambo ya Bweni kwa mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani wetu ila alikuwa na meno ya dhahabu na aliitwa babu. Nimevuka mto Pangani kwa kivuko mara nyingi na hakuna aliyewahi kuniambia tazama mto. Niliambiwa: ukifika usimtazame mtu anapokula. Kutembea kwetu ilikuwa hivyo. Ukisema unakwenda kutembea, mwenzako anauliza kwa nani, na jibu lina jina.

Ningeweza kuishia hapo, nikasifu zamani, nikalaumu watoto wa siku hizi na viingilio vyao. Ila nakumbuka vizuri mno. Nakumbuka mkeka, na kukaa kwenye mkeka. Nakumbuka saa nne za wakubwa kuulizana habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Nakumbuka kulala watu watano kitanda cha kamba na miguu ya binamu usoni. Mkubwa wangu alipopita ule upenyo wa Amboni peke yake gizani, akageuka na kusema "Baba njoo, hapaogopeshi," mkeka gani ungenipa hilo?

Nikamweleza mke wangu, usiku, baada ya daku. Nilitaraji atakuwa upande wa mama. Akacheka.

"Wewe unakwenda kwenu, unakaa na wanaume, unaletewa chai. Mimi naingia jikoni. Naulizwa mbona nimekonda, naulizwa wa tatu namzaa lini. Pango halikuniuliza kitu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwake ile safari ya Tongoni, na chipsi zake baridi, ilikuwa siku ya kwanza kwenda upande wa wakwe bila kuosha sufuria.

Na kuna la fedha, tuliseme wazi. Pahali hapadai. Unalipa getini, unapewa karatasi, ukitoka mmemalizana, gofu halitakupigia simu mwezi wa saba kwamba ada ya mtoto imepungua. Mtu hana risiti. Ukienda kwa mtu umefungua daftari ambalo halifungwi, na mimi, ukinikuna kidogo, ndicho nilichokuwa nakikimbia Jumapili zote zile nikiita elimu ya watoto. Historia ya karne ya 15 ilinifaa kwa sababu wadai wake wote wamekufa.

Nilifikia hapo siku ya ishirini na kitu ya mfungo. Bado sikuwa na bati.

## Bamvua la Idi

Idi Mosi tulikula nyumbani. Idi Pili tukaenda Tongoni.

Nilimwambia mama twende. Akasema, "Nendeni nyinyi, mimi nina miguu." Nikasema haya. Kumbuka hapo.

Tulichukua sukari kilo 2, majani ya chai, doti ya kanga na kopo la visheti. Bati, hapana. Mshahara wa Machi ulikuwa haujatoka na sikukuu ilishakula wa Februari. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi.

"Hodi, hodi wenyewe."

"Karibuni." Alikuwa ukumbini, kwenye kigoda, anamenya ndizi. Amepungua. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaita uani: "Jamani wekeni maji ya chai, watalii wangu wamefika."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikapiga magoti nikampa mkono, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, na sentensi niliyoipanga ikanitoka yote kichwani.

Watoto wakapewa mkono wa Idi. Alifungua pindo la kanga, fundo gumu, akalifungua kwa meno, akatoa sarafu mbili za shilingi mia tano. Mdogo akaziweka zote mbili kiganjani, yake na ya dadaye, kuzipima, kama zinaweza kupishana.

Kisha shangazi akatazama nje, wala hakutazama saa. "Maji yanakupwa. Wapelekeni watoto pwani kabla ya saa sita."

Idi huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua, kwa hiyo kila Idi bahari hii hukauka mbali sana, na kwa pwani yetu siku hizo huwa ni saa nne, saa tano za asubuhi. Nimeishi na jambo hili miaka yote na sijawahi kuliunganisha mpaka niliposimama pale na kuona tope limefunguka kutoka kwenye mikoko mpaka kule ambako siku nyingine ni kina. Watoto wa jirani wenye nguo mpya za sikukuu walikuwa wamezikunja kiunoni, wanaokota tondo kwenye mizizi ya mikoko. Mkubwa akaonyeshwa mara moja tu: hii hai, hii ganda tupu. Akazama mpaka goti, akatoka bila ndala moja. Ndala ile haikuonekana tena. Viatu vya Idi, mama yake aliniangalia mimi.

Pale palikuwa na mzee anashona wavu chini ya mkungu. Mdogo, ambaye hajifichi, akamwuliza kama amewahi kumwona silikanti.

"Tulimnasa. Na jarife, usiku."

Mdogo akakaa chini palepale, kwenye tope, na kaptula ya sikukuu.

Mzee akapanua mikono. Mkubwa hivi, magamba kama ya kuchongwa, mapezi yamekaa kama miguu. Macho yanang'aa ukimulika taa. Hawakumjua ni nani, wakamwita jina lisilofaa kuandikwa humu. Mdogo akauliza mlimla?

"Nyama yake mafuta matupu. Ukila unaendesha."

"Kwa hiyo hukuonja hata kidogo?"

"Nilionja," mzee akasema, na akarudi kwenye wavu wake.

Ndiyo yote aliyoipata mdogo kuhusu samaki wa miaka milioni, na mpaka leo nyumbani haongei jingine. Tena haongei habari za madinosauri, anaongea habari za kuendesha.

## Sufuria

Baada ya chakula mkeka ukatandikwa. Mkubwa alikaa robo saa ya adabu, kisha nikamwona anatafuta simu kwa macho. Mdogo alilala. Mke wangu aliosha vyombo na akaulizwa lile swali la wa tatu, nilisikia kutoka ukumbini. Sitasema siku ile ilikuwa bora kuliko Amboni. Kwa watoto, sidhani.

Shangazi alinieleza habari za minazi ya baba, minne imekufa, mmoja umepigwa na radi. Habari za jirani. Habari za bibi mmoja wa Mwarongo aliyeolewa tena. La bati hakuligusa. Nilikaa nikingoja aliguse, nikitamani aliguse, ili niombe radhi tumalizane. Hakuligusa. Nikajua hatuna mahali pa kumalizana.

Saa tisa kasoro anga likaingia giza upande wa bahari. Upepo ukageuka mara moja, wa baridi, na mvua ya kwanza ikaja kwa vishindo juu ya makuti.

Shangazi alikuwa katikati ya habari ya yule bibi wa Mwarongo. Bila kunyamaza, bila kutazama juu, alinyoosha mguu, akaisukuma sufuria iliyokuwa ukutani, mpaka katikati ya ukumbi, kama shibiri mbili kutoka kichwani kwa mdogo. Tone likaanguka ndani. Katikati hasa. Akaendelea: basi bwana harusi mwenyewe, alipofika, hana hata kofia.

Tone. Tone.

Mdogo aliamka kwa sauti ile. Akakaa, akatazama sufuria, akatazama paa.

"Bibi, hapa panavuja."

"Panavuja tangu hujazaliwa, baba. Sogea huku."

## Kirikuu

Bati za futi 10 haziingii kwenye bajaji. Nimezungumza dukani, wananikata mshahara wa miezi mitatu. Si 10, ni 6, za upande wa ukumbini. Fundi anasema mbao za zamani haziwezi kubeba, kwa hiyo na mbao pia. Mwenye kirikuu anataka elfu 60 kwenda na kurudi. Nimemwambia hamsini, hajajibu. Na mvua ndiyo hii imeanza, njia ile ya kushukia kijijini siku mbili zijazo itakuwa uji.

Tumesema Jumamosi.

Mdogo ameshauliza kama kwenye kirikuu yeye atakaa mbele. Nimemwambia mbele atakaa bibi yake.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia. Hakusema kitu. Baadaye nilimwona anatoa sanduku chini ya kitanda, anatafuta viatu.